Ini jipya kwa saratani iliyosambaa: tumeisikia takwimu, tumeuruka mchujo

Tangu matokeo ya utafiti wa TransMet, uliohusu saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye ini, yachapishwe katika jarida la tiba la The Lancet mwezi Septemba 2024, habari yake imekuwa ikisimuliwa kwa Kiswahili kwa sentensi moja: saratani iliyosambaa hadi kwenye ini sasa inatibiwa kwa kumwekea mgonjwa ini jipya, na watu saba kati ya kumi wanavuka miaka mitano. Takwimu hiyo ni ya kweli. Lakini inapofika ikiwa peke yake huwakuta watu wenye mgonjwa ndani, karatasi za hospitali mezani, na tayari wameshaanza kuulizana kiwanja kitauzwa shilingi ngapi. Kwa maoni yangu, kilicholeta matokeo yale ni mchujo wa wagonjwa uliotangulia kisu. Tukikifuata kisu na kuuacha mchujo, tutazika watu wetu na kubaki na madeni yao. Na wale wanaosema mambo haya ni ya Ulaya, sisi hayatuhusu, wanakosea vilevile, kwa sababu sehemu kubwa ya mchujo ule inaweza kuokoa maisha hapa hapa kwetu kabla hata neno upandikizaji halijatajwa.

Tuanze na jina la ugonjwa, kwa sababu jina limeshatupoteza. Mtu akiambiwa ana vivimbe vya saratani kwenye ini, nyumbani tunasema ana kansa ya ini. Kumbe yapo magonjwa mawili ndani ya jina hilo. Kuna saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe, ambayo kwetu huletwa zaidi na homa ya ini aina ya B na sumukuvu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Na kuna saratani iliyoanzia kwingine, mara nyingi kwenye utumbo mpana, ikatuma mbegu zake kwenye ini. Damu itokayo utumboni hupitia kwenye ini kabla ya kwenda kwingine kokote, kwa hiyo ini ndicho kituo cha kwanza cha seli zinazotoroka. Hiyo ya pili bado ni saratani ya utumbo, ila imehamia ugenini. Ukichukua kinyama kutoka kwenye ini ukakitazama kwa hadubini, utaziona seli za utumbo.

Tofauti hiyo inaamua tiba. Kwa saratani ya ini lenyewe, kubadilisha ini kuna msingi imara tangu mwaka 1996, pale Vincenzo Mazzaferro na wenzake wa Milano walipoonyesha kwamba mgonjwa mwenye kivimbe kimoja kisichozidi sentimita 5, au vivimbe visivyozidi vitatu na kila kimoja kisizidi sentimita 3, akipandikizwa ana nafasi nzuri ya kuishi. Katika wagonjwa wao 48, asilimia 75 walikuwa hai baada ya miaka minne. Hapo mantiki inaeleweka bila shida, maana unang'oa ini lililougua pamoja na chanzo cha ugonjwa. Kwa saratani iliyohamia, mantiki hiyo inagoma. Chanzo kilikuwa kwingine, mbegu zimeshasafiri kwenye damu, na hakuna awezaye kuapa kwamba zimeishia kwenye ini tu. Juu ya hayo, mtu aliyewekewa ini hunywa dawa za kushusha kinga ili mwili usilikatae, na kinga hiyo hiyo ndiyo mlinzi dhidi ya seli za saratani zilizojificha.

Jambo hili lilishawahi kujaribiwa na likashindwa. Thomas Starzl alifanya upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu huko Denver, Marekani, mwaka 1963, na katika miongo iliyofuata baadhi ya madaktari wa Ulaya waliwapandikiza pia watu wenye saratani ya utumbo iliyofika kwenye ini. Waliofika miaka mitano hawakuwa hata mmoja kati ya watano, na mlango ukafungwa. Ulifunguliwa tena Oslo mwaka 2006, kwa sababu ambayo naiona muhimu kuliko inavyosemwa: Norway ilikuwa na maini ya wafadhili waliofariki mengi kuliko watu waliokuwa kwenye foleni. Madaktari wa Oslo hawakumnyima mtu ini ili kumjaribia mwingine. Walipandikiza wagonjwa 21, wakachapisha mwaka 2013 kwamba makadirio ya kuishi miaka mitano yalikuwa asilimia 60, ingawa saratani iliwarudia karibu wote. Kisha wakafanya jambo la kuheshimiwa: walirudi kwenye majalada na kutafuta ni nani waliokufa mapema. Walikuwa wale wenye kivimbe kinachozidi sentimita 5.5, wenye kiashiria cha saratani kwenye damu kiitwacho CEA kilichopita 80, waliopandikizwa kabla ya miaka miwili tangu wakatwe uvimbe wa utumbo, na wale ambao ugonjwa ulikuwa ukikua huku wako kwenye dawa za kemo. Awamu ya pili ilikuwa ya wagonjwa 15 waliochaguliwa kwa masharti makali zaidi, na makadirio ya miaka mitano yakapanda hadi asilimia 83. Upasuaji haukuwa umebadilika kwa kiasi cha kueleza tofauti hiyo. Kilichobadilika ni nani anaingia.

TransMet, iliyoongozwa na René Adam wa hospitali ya Paul Brousse nje kidogo ya Paris, ndiyo iliyoliweka jambo hili kwenye mizani ya kura kwa mara ya kwanza, yaani bahati nasibu ndiyo iliyoamua ni mgonjwa yupi apangiwe ini pamoja na kemo na yupi abaki na kemo peke yake. Hospitali 20 za Ufaransa, Ubelgiji na Italia zilishiriki. Mgonjwa ilibidi awe na umri usiozidi miaka 65, mwenye nguvu za kutembea na kujihudumia. Uvimbe wa utumbo uwe umeshakatwa kwa kufuata taratibu za upasuaji wa saratani. Ugonjwa usiwe mahali pengine popote isipokuwa kwenye ini. Jeni ya BRAF ya uvimbe isiwe na kasoro, kwa kuwa wenye kasoro hiyo saratani yao hukimbia. Na dawa za kemo ziwe zimeushika ugonjwa kwa angalau miezi mitatu. Nusu ya waliopandikizwa walikuwa wamepitia mizunguko ya kemo 21 au zaidi. Mtu aliyevumilia mizunguko 21 na ugonjwa wake ukatulia, huyo ameshafanya mtihani ambao wengi hawaufikii.

Hata baada ya hapo, daktari anayemtibu hakuwa na neno la mwisho. Kila jalada lilipelekwa kwa jopo huru la madaktari wa upasuaji wa ini, wa saratani na wa radiolojia, ambao waliuliza upya: ni kweli ini hili haliwezi kukatwa kipande tu? Ni kweli hakuna kitu kwenye mapafu? Wagonjwa waliopendekezwa walikuwa 157. Waliopita ni 94. Kumbuka kwamba hao 157 waliletwa na mabingwa wa hospitali kubwa za Ulaya, watu wanaofanya kazi hiyo kila siku, na bado takriban watu wanne kati ya kila kumi waliowapendekeza hawakupita. Nimeisoma namba hiyo mara nyingi kuliko asilimia 73 inayosifiwa, na bado naiona kuwa ndiyo kiini cha utafiti mzima.

Hao 94 wakagawanywa kwa kura hiyo, 47 kila upande. Na hapa kuna jambo la kuangalia kwa makini kabla ya kuisambaza takwimu. Asilimia 73 ya kuishi miaka mitano ni ya wale 36 waliopandikizwa na kufuata mpango kama ulivyoandikwa. Wenzao waliobaki na kemo peke yake walikuwa asilimia 9. Ukiwahesabu wote 47 waliopangiwa ini, pamoja na wale ambao ugonjwa uliamka wakati wanasubiri wakashindwa kupandikizwa, ni asilimia 57 dhidi ya 13. Bado ni tofauti kubwa mno, na sijui dawa mpya ya saratani ya utumbo iliyowahi kuleta pengo la namna hiyo kwa wagonjwa wa hatua hii. Ila familia inayouliza leo, kabla mgonjwa hajafika popote, inapaswa kuitazama 57. Mwenye kuitazama 73 ni yule aliyekwisha kuvuka foleni.

Sasa tuzipime hoja. Hoja nzito zaidi dhidi ya tiba hii ni ya haki. Maini hayatoshi. Kwenye foleni hiyo hiyo kuna mama ambaye ini lake limesinyaa kwa homa ya ini, kuna mtoto aliyezaliwa bila njia ya nyongo, na hawa bila ini hawana kemo ya kuwasogeza mbele. Nani apewe? Siwezi kuipuuza hoja hii na sitaki mtu aipuuze. Jibu la madaktari wa upandikizaji ni kwamba kwa kawaida wanakubali sababu ya kupandikiza iwapo angalau nusu ya wagonjwa watavuka miaka mitano, na kundi hili limevuka kiwango hicho. Jibu hilo linatosha kumfungulia mgonjwa wa namna hii mlango wa foleni. Halitoshi kumweka mbele. Katika TransMet waliwekwa mbele, wapate ini ndani ya miezi miwili hivi, kwa sababu bila hivyo ugonjwa ungeamka. Nchi itakayoiga itabidi iseme hadharani ni nani anasogezwa nyuma. Njia moja inayopunguza makali ni kutumia kipande cha ini kutoka kwa mtu hai, kama wanavyofanya Toronto na kwingineko. Kwa hilo nitarudi.

Hoja ya pili ni ya kurudi kwa ugonjwa. Katika wale 36, saratani iliwarudia 26. Wapo wanaosema basi, ini limepotea bure. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, ingawa inavutia kwa haraka. Inachukulia kwamba saratani ikirudi maana yake ni kifo, wakati namba zilezile zinakataa: ugonjwa umewarudia wengi, na bado wengi wako hai. Sababu ni mahali unaporudi na mwendo wake. Mara nyingi hurudi kama vidonge vidogo kwenye mapafu, vinavyokua polepole, na karibu nusu ya waliorudiwa walikatwa au kuchomwa vivimbe hivyo, baadhi yao wakabaki safi tena. Hatimaye watu 15 kati ya 36 hawakuwa na dalili ya ugonjwa. Upande wa kemo alikuwa mmoja kati ya 38. Kinachomuua mgonjwa wa aina hii kwa kawaida ni ini kujaa vivimbe na kushindwa kufanya kazi. Ukimwondolea hilo, umembadilishia ugonjwa wa miezi kuwa ugonjwa wa miaka. Tunawaheshimu wenye kisukari na wenye virusi vya UKIMWI wanaoishi na ugonjwa uliodhibitiwa. Sioni kwa nini mwenye saratani aambiwe miaka yake si miaka mpaka apone kabisa.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma, kwa kuwa nimeisikia ikitolewa kwa upendo. Inasema: maadamu kuna ndugu wa kujitolea na fedha za kwenda India zinaweza kuchangwa, kinachosubiriwa ni nini? Nilikaa kwenye kikao cha ukoo wetu kilichoitishwa kwa ajili ya binamu yangu. Majibu yalikuja kwa Kiingereza, sisi tukasikia kansa ya ini. Mama mdogo akainuka akasema, "Ini langu si lipo? Wachukue nusu, Mungu atanijazia." Na kwa kweli ini hujijaza, kipande kilichobaki hukua tena ndani ya wiki na miezi michache, ndiyo maana upandikizaji kutoka kwa mtu hai unawezekana. Hakuna aliyekuwa na la kusema baada ya maneno yale. Lakini hakuna pia aliyeuliza kama mapafu yamepigwa picha. Yalipopigwa, ugonjwa ulikuwa kwenye mapafu na kwenye utando wa tumbo, na ini la mama mdogo lisingembakiza binamu yangu hata mwaka.

Mama mdogo angekuwa amepasuliwa akiwa mzima wa afya. Anayetoa upande wa kulia wa ini huwa kwenye hatari ya kifo inayokadiriwa kati ya mtu mmoja kwa 500 na mmoja kwa 200, ukiacha maumivu, uvujaji wa nyongo na miezi ya kupumzika ambayo mfanyabiashara wa sokoni hana wa kumlipia. Hatari hiyo inakubalika pale mpokeaji ana nafasi ya kweli. Mpokeaji asipochujwa, ndugu anakatwa bure. Na katika koo zetu ombi la ini haliji kama ombi. Linakuja mbele ya wazee, mbele ya mgonjwa mwenyewe, na anayesita hukumbukwa. Ndiyo maana huko wanakofanya kazi hii vizuri, mtoaji hupewa daktari wake peke yake, asiyehusika na mgonjwa, na anaruhusiwa kukataa kwa faragha bila sababu kutajwa. Sheria ya India ya viungo vya binadamu, ya mwaka 1994, nayo inadai uthibitisho wa undugu kwa wageni, na ubalozi huhusishwa. Watu huliona hilo kama usumbufu wa makaratasi. Mimi naliona kama ukuta unaomlinda mama mdogo wa mtu.

Nisisitize pia kwamba yote haya yanahusu saratani ya utumbo mpana na puru. Kwa baadhi ya vivimbe vya neuroendokrini, vinavyoanzia kwenye seli zinazotengeneza homoni, vilivyohamia kwenye ini, Milano walishaonyesha matokeo mazuri sana. Kwa saratani ya matiti, ya kongosho au ya tumbo iliyofika kwenye ini, hakuna utafiti wa kura kama huu. Atakayekuuzia TransMet kwa saratani ya matiti anakuuzia kitu kingine.

Wanaosema ni mambo ya Ulaya wana ushahidi wao. Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, Uganda ikapata sheria ya upandikizaji wa viungo mwaka 2023 na Mulago ikafanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwezi Desemba mwaka huo. Ini ni kazi nzito kuliko figo kwa mbali, na hakuna mashine kama ya kusafishia damu ya kumshikilia mgonjwa ikiwa kiungo kipya kimegoma. Baada ya upasuaji kuna dawa za maisha yote na vipimo vya damu vya mara kwa mara vya kupima kiwango cha dawa hizo. Sitaki nchi zetu zikimbilie kupandikiza ini kwa ajili ya saratani iliyosambaa wakati hata watoto wenye kasoro za nyongo hawajapata huduma hiyo nyumbani.

Lakini tazama tena masharti ya mchujo, safari hii kama orodha ya huduma. Uvimbe wa utumbo ukatwe ipasavyo, pamoja na tezi zake. Picha za kifua na tumbo zisomwe na mtu aliyebobea. Kinyama kipimwe jeni. Kemo itolewe kwa ratiba bila dawa kukatika katikati. Jopo likae, likiwa na daktari wa upasuaji wa ini ndani yake, na liulize kama vivimbe vinaweza kukatwa. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji ini la mtu mwingine. Na hilo swali la mwisho peke yake lina uzito kuliko upandikizaji wote: mgonjwa ambaye vivimbe vyake vya ini vinaweza kukatwa ana nafasi ya takriban asilimia 40 ya kuvuka miaka mitano kwa upasuaji wa kawaida wa kukata kipande cha ini. Kwetu wangapi huambiwa "imefika kwenye ini" na kurudishwa nyumbani, bila picha zao kuonwa hata mara moja na daktari anayejua kukata ini? Neno kusambaa limekuwa hukumu, wakati lilipaswa kuwa mwanzo wa maswali.

Kwa hiyo serikali zikiwa zinapanga bima ya afya kwa wote itagharimia nini kwenye saratani, ningependa fedha ya kwanza iende kwa jopo hilo na kwa mafunzo ya madaktari wa upasuaji wa ini, Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi, Eldoret, Kampala. Hospitali kubwa ziweze kutumiana picha za wagonjwa ili mtu wa Kigoma au wa Turkana aonwe na jopo kabla hajauza ng'ombe. Mgonjwa mmoja mmoja atakayepita vigezo vyote, na kweli ini lake haliwezi kukatwa, apewe rufaa ya nje kwa maandishi yanayoeleza kwa nini, na mtoaji wake awe ameshaonana na daktari wake peke yake. Waswahili wanaoishi Norway, Canada au Uingereza, ambako njia hii tayari ipo au inajaribiwa, waulize kwa jina: je, jalada langu limepelekwa kwenye jopo la upandikizaji, na limekataliwa kwa kigezo gani?

Na kuna jambo la mapema zaidi. Binamu yangu alitoka damu chooni kwa zaidi ya mwaka, akipewa dawa za bawasiri kila alipokwenda, na hakuna aliyemwingiza kamera. Kinundu kwenye utumbo mpana huchukua takriban miaka kumi kugeuka saratani, na wakati wote huo kinaweza kuondolewa kwa kolonoskopi, yaani kamera hiyo ya utumbo, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mtu mzima anayetoka damu kwa wiki kadhaa, au ambaye choo chake kimebadilika na damu imepungua mwilini bila sababu, apelekwe kwenye kolonoskopi hata kama bawasiri imeonekana kwa macho, kwa kuwa bawasiri na saratani vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja.